Aliyehesabu Mayai ya Utitiri

Hakuweza kupita jani bila kuligeuza. Kutoka mtaa wa Bulyaga kwenda sokoni, njia ambayo mtu mwingine angeimaliza kabla muwa haujamwishia mkononi, yeye ilimlia asubuhi nzima, kwa sababu kila ua lenye mmea lilimsimamisha. Alishika jani kwa vidole viwili, akalipindua taratibu kama anayefunua daftari la mwenzake, kisha akasogeza jicho. Nyanya, maharage, mpera, maua ya watu. Siku moja kwenye harusi aligeuza majani ya mapambo mbele ya maharusi wenyewe, na mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Bwana Shamba, hayo hayaumwi, tumeyakodi." Watu wakacheka. Yeye akaendelea mpaka akamaliza upande ule.

Sote tulimwita Bwana Shamba. Tulimwita hivyo alipokuwa na mshahara, na tuliendelea kumwita hivyo serikali ilipopunguza wafanyakazi naye akabaki na koti la kazi, mabuti ya mpira na baiskeli. Asubuhi alitoka saa ile ile. Vijana wa stendi walimuuliza, "Bwana Shamba, siku hizi unalipwa na wadudu?" Alijibu bila kushuka kwenye baiskeli: "Hao hawacheleweshi."

Nilimfahamu kwa sababu ya ukuta. Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na vyumba vinne, na chumba changu na chake viligawana ukuta mmoja wa matofali mabichi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi Tukuyu, kwa shangazi yangu ambaye alikuwa amefungua duka la pembejeo karibu na stendi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Zamani dawa za mimea zilikuja kupitia chama cha ushirika, zikiwa na kikombe cha kupimia, na Bwana Shamba ndiye aliyekuja nazo kijijini na kuonyesha kipimo. Sasa aliyetaka kuuza aliuza. Dawa ya nyanya ilikaa rafu moja na sabuni na viberiti, na anayeipima alikuwa mimi, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyejifunza biolojia kwenye shule isiyo na maabara.

Mke wake alikuwa mwalimu wilaya nyingine. Mwanzoni alikuja sikukuu, baadaye akawa anatuma salamu, baadaye salamu nazo zikakoma, na Bwana Shamba hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Alipika mwenyewe, chakula kile kile, ndizi na maharage, katika sufuria moja yenye mpini uliofungwa waya. Ukimkaribisha kula alikuja amenawa kabisa, akala kidogo, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," na kuondoka kabla hujamaliza chako. Sikumwona hata mara moja akikaa mahali mpaka wenyeji wamchoke. Nadhani aliogopa kuona hilo usoni mwao.

Dirishani kwake kulikuwa na vifuniko vya makopo ya siagi, vimepangwa mstari. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na pamba iliyoloweshwa maji, na juu ya pamba kipande cha jani kimelala kifudifudi. Juu ya majani hayo aliishi utitiri, wale wadudu wekundu wadogo kuliko chembe ya chumvi, wanaokaa chini ya jani la nyanya na kulinyonya mpaka liwe rangi ya shaba na kufunikwa utando. Wakulima wengine walidhani ni vumbi la kiangazi. Bwana Shamba aliwafuga. Majirani walisema hivyo hivyo, anafuga utitiri, kama mwingine anavyofuga njiwa, na wenye bustani hawakupenda. Mama mmoja wa nyumba ya pili alimwambia, "Mwenzetu, hata ungefuga nyoka. Nyoka tungemwona akitoka."

Kila asubuhi, nikiwa najiandaa kwenda dukani, nilimsikia kupitia ukutani akihesabu kwa sauti ya chini. Aliinama na lenzi yake ya mkononi, akahesabu mayai. Akipotea alianza upya. Sijui kama kuna jambo linalomfanya mtu aonekane mpweke zaidi ya kuhesabu kitu ambacho hakuna mwingine anayekiona.

Alikuwa na maneno yake. Mtu mwongo alimwita "jani la juu", kwa kuwa ubaya wa mmea huanzia chini. Akitaka kusema jambo halijaiva alisema, "Bado yai." Alichukia kuku, alichukia redio yenye betri zilizochoka, na alichukia watu wanaopima kwa macho. Mbele yake usiseme "kiasi". Angekuuliza, "Kiasi kipi?" na angesubiri jibu, hata kama ulikuwa unazungumzia chumvi ya mboga.

Lakini huyo huyo mtu wa vipimo akiumwa malaria alikuwa anakata vidonge. Alipewa dozi kamili zahanati, akameza nusu, akajisikia nafuu, na nusu nyingine akaiweka kwenye kikasha cha kiberiti kwa ajili ya safari ijayo. Shangazi alimkamata na kikasha hicho.

"Wewe si ndiye unayeimba dozi kamili, dozi kamili, kutwa nzima?"

"Mimi siyo utitiri, dada."

"Ndiyo maana utitiri wako una afya na wewe kila mwezi unatetemeka."

Alicheka mpaka akakohoa. Mwezi uliofuata akakata tena vidonge.

Rafiki yake, kama alikuwa naye, alikuwa fundi wa mabomba ya kupulizia dawa, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye mwenyewe alizaliwa hapo hapo mjini, akisema Kinyakyusa vizuri kuliko mimi. Karakana yake ilitazamana na duka letu. Bwana Shamba alikaa kwenye kigoda chake mchana, na wakabishana. Mimi niliyasikia maelezo ya utitiri kwa mara ya kwanza nikiwa upande wa pili wa barabara, nikipima mbegu za kabichi.

"Dawa kamili inaua," alisema. "Dawa pungufu haimuui, inamchokoza. Na jike la utitiri likichokozwa linafanya kazi moja tu linayoijua."

"Ipi hiyo?"

"Kutaga. Linataga mapema, linataga mengi. Halafu kuna wale wadudu wengine, wapole, wanaokula utitiri. Hao dawa pungufu inawamaliza kabisa. Kwa hiyo umemwongezea mwizi watoto na umemuua mlinzi."

Fundi alikuwa na watoto tisa. Aliweka chini bomba alilokuwa analichomelea. "Basi mke wangu atakuwa ananitilia dawa pungufu kwenye chai."

Bwana Shamba hakucheka. Alikuwa anatazama barabara. "Mimi ndiye niliyewaambia wapunguze," alisema.

Hilo ndilo lililokuwa likimla, na karibu kila kitu chake kingine kilitokana nalo. Ruzuku ilipoondolewa na bei ya dawa ikapanda, alizunguka vijijini bado akiwa mtumishi, akaona watu wanatazama chupa moja kama wanavyotazama mvua inayopita upande wa pili wa mlima. Akawaonea huruma. Akawaambia, kijiji baada ya kijiji, kama chupa haitoshi punguzeni kipimo, mtapata hata hivyo, dawa ni dawa. Hakuna semina iliyomfundisha hivyo. Lilikuwa neno lake mwenyewe, na kati ya maneno yote aliyowahi kuwaambia wakulima, kupanda kwa nafasi, kung'oa magugu, kuchoma mabaki, ndilo walilolishika mara moja. Baada ya viangazi viwili alianza kugeuza majani na kukuta bustani zilizopulizwa zimejaa utitiri kuliko bustani za wale ambao hawakuwa na dawa kabisa.

Alitaka kulirudisha neno lile. Alikuwa na daftari lenye majina ya wakuu wa kaya wote aliowahi kuwaambia, kaya kwa kaya, kwa mwandiko wa kusimama wima, na mpango wake ulikuwa kwenda kwenye kila mlango kusema: nilikosea. Akitoka kwenye nyumba, aliweka alama ya vema mbele ya jina. Alinionyesha ukurasa wa kwanza. Alama zilikuwa chache, lakini wino wake ulikuwa mpya.

Bonde lililomkera zaidi lilikuwa Mpuguso. Kaya kumi na kitu zililima nyanya za kiangazi kandokando ya kijito, wakimwagilia kwa ndoo. Walichanga wakanunua dukani kwetu chupa moja ndogo ya dawa, na mwenyekiti wao, mama mtu mzima aliyekuwa na sauti ya kanisani, aliwagawia kwa kizibo cha soda. Nilimwona akigawa, kwa sababu siku za gulio shangazi alinituma kule na kikapu cha bidhaa. Alianza na mjane ambaye hakuwa amechanga. Kisha mgonjwa. Kisha wengine wote, kizibo kimoja kimoja, hakuna cha ndugu wala rafiki, na yeye mwenyewe alichukua mwisho, mara nyingi suuzo la chupa. Huko ng'ombe akichinjwa hakuna nyumba inayoachwa inuse harufu tu, na dawa waliichukulia hivyo hivyo. Sijawahi kuona mgao wa haki kama ule. Na kila mtu alirudi shambani na kizibo kimoja kwa bomba lililohitaji vinne.

Bwana Shamba alisimama mbele yao akiwa bado ameshika baiskeli.

"Chupa hii inatosha mashamba matatu," alisema. "Wapeni watatu, wapulize sawasawa. Wengine msipulize kabisa msimu huu. Mwakani mnabadilishana."

"Watatu gani?" aliuliza Mama Mwenyekiti.

"Chagueni."

"Nichague mimi nani akose? Bwana Shamba, wewe utapanda baiskeli yako uondoke. Mimi kesho nitakutana nao mtoni."

"Asiyepuliza atavuna kuliko anayepuliza hivi mnavyopuliza."

Watu wakanung'unika. Mzee mmoja aliyekaa kwenye mfuko wa mbolea akasema, "Si wewe uliyetuambia tupunguze?"

"Ni mimi."

"Sasa ulitudanganya siku ile au unatudanganya leo?"

"Siku ile nilikosea, mzee wangu."

"Na leo nani anajua kama hujakosea?"

Walisema bila chuki. Mama Mwenyekiti alimletea maji ya kunywa katika bakuli safi. Lakini swali la mzee lilikuwa la haki, na Bwana Shamba aliheshimu maswali ya haki. Alisema gulio lijalo angekuja na ushahidi, kila mtu auone kwa jicho lake. Wakakubali. Mama Mwenyekiti alisema kama wataona kwa macho, yeye mwenyewe atasimama achague watatu, na lawama atabeba.

Siku iliyofuata alikuja dukani kununua dawa. Hapa ni lazima nieleze tulivyokuwa tunauza.

Shangazi alinunua chupa za lita kutoka Mbeya, zenye lakiri. Wachache sana waliweza kununua lita, kwa hiyo tuliigawa katika vichupa vya dawa ya kikohozi vilivyooshwa. Shangazi alinifundisha kutojaza. Nusu dawa, na juu yake mafuta ya taa mpaka shingoni. Maji hayakufaa, kwa sababu dawa ile ikiguswa na maji inageuka nyeupe kama maziwa na mteja anajua. Mafuta ya taa hayabadili rangi. Karibu maduka yote yalifanya hivyo, shangazi alisema, na sijui kama ni kweli. Mimi nilishika faneli. Mwanzoni nilisita, baada ya wiki nilikuwa nafanya huku naimba.

Kwa hiyo kizibo cha Mpuguso hakikuwa hata kizibo kimoja. Na Bwana Shamba aliposimama mbele ya meza akaomba kichupa, chupa mbili za lita zenye lakiri zilikuwa nyuma yangu, kwenye rafu, urefu wa mkono. Alikuwa ananunua kwa pesa yake ya kununulia ndizi. Shangazi alikuwa amekaa pembeni akichambua mbegu. Nilichukua kichupa kilichochanganywa, nikampa, nikamwambia karibu tena.

Alichofanya nacho nilikisikia kupitia ukutani. Vifuniko vitatu. Kimoja jani lililonyunyiziwa maji matupu. Kimoja jani la kizibo, kama walivyopuliza Mpuguso. Kimoja jani la kipimo kamili, kama kilivyoandikwa. Katika kila jani aliweka majike ya utitiri yenye idadi sawa, akiyahamisha kwa unyoya wa kuku. Kuku wale wale aliowachukia. Jani la kipimo kamili lilitakiwa liwe kaburi. La kizibo lilitakiwa lijae mayai kuliko la maji. Siku ya tatu niliisikia sauti yake ikihesabu, ikasimama, ikaanza upya, ikasimama tena. Hakuwa ananiambia mimi, alisema peke yake: "Hawa mbona hawafi?"

Mtu mwingine angebaki nyumbani. Yeye alikuwa ameahidi, akaenda. Huenda alidhani ameona vibaya, na macho ya wengi yangemsahihisha. Alifunga vifuniko kwenye kitambaa chenye unyevu, akaviweka kwenye kikapu cha baiskeli, akaisukuma akitembea njia yote ili visitikisike.

Nilikuwa nimetandika bidhaa zangu hatua chache tu kutoka pale. Waliweka vifuniko juu ya jiwe la kufulia. Mama Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupewa lenzi, naye alivua kilemba, sijui kwa nini, labda kwa heshima ya kitu chenyewe.

"Hiki ndicho ulichosema wamekufa?"

"Ndicho."

Aliinama muda mrefu. "Wanatembea."

"Angalia vizuri, mama."

"Bwana Shamba, wanatembea. Na wana vitu vya mviringo, vingi, kama lulu. Ni mayai haya?"

Mzee wa mfuko wa mbolea akapewa lenzi. Akatazama, akairudisha. "Wamefurahi kabisa," alisema, na hapo kicheko kikatoka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa kidogo na sasa wamepumua. Kijana mmoja alisema labda Bwana Shamba amewazoea mno mpaka hawataki kufa mbele yake. Hata yeye alitabasamu. Nilimwona akitazama kifuniko, akiwatazama watu, akitazama kifuniko. Kama ningetembea zile hatua na kusema neno moja, mafuta ya taa, wangejua wote. Kwenye mkeka wangu kulikuwa na vichupa saba. Nilipanga upya vichupa.

Mama Mwenyekiti aligawa dawa mchana ule ule, kizibo kimoja kimoja, akianza na mjane.

Kiangazi kile nyanya za Mpuguso zilikuwa nyekundu kuanzia kwenye majani. Wengine waling'oa miche kabla ya tunda la kwanza. Hakuna aliyemlaumu Bwana Shamba. Yeye ndiye aliyebadilika. Alisafiri mpaka Mbeya kupimwa macho, akarudi na miwani yenye fremu nyeusi, akahesabu tena, akapata yale yale. Alinikuta uani nikianika nguo.

"Daktari anasema macho hayana neno," aliniambia. "Basi tatizo ni kichwa."

"Usiseme hivyo, Bwana Shamba."

"Mtu anaamini jambo miaka mitatu, anawaambia watu, kumbe jani lenyewe linamkana." Alisimama kidogo, kama anayesubiri nimbishie. Kisha akaingia ndani.

Nilimwambia shangazi usiku wa siku ile kwamba nataka kumweleza. Shangazi hakupandisha sauti. Alisema, "Ukimwambia yeye, umewaambia Mpuguso. Ukiwaambia Mpuguso, kesho hapa hakuna duka, na wewe huna pa kulala." Alinilea tangu darasa la tano, huyo shangazi. Nikakaa kimya, na kimya kikawa rahisi kadiri siku zilivyokwenda.

Daftari la majina lilikoma hapo. Angeenda kusema nini mlangoni kwa mtu? Kwamba alichosema kwanza hakiamini, na alichosema baadaye nacho hakiamini? Aliacha kuhesabu. Kwa wiki kadhaa vifuniko vilikaa dirishani vikiwa vikavu, kisha akaviondoa. Niliona baiskeli yake ikipita moja kwa moja sokoni bila kusimama kwenye ua la mtu. Fundi alimtania kwamba sasa anatembea kama mtu mwenye haraka ya kulipwa.

Mimi nikaondoka. Nilianza na Tunduma, kuuza vitenge. Halafu Makambako, halafu Kahama, halafu Mtwara ambako nilikaa sana kuliko kwingine kwa sababu ya mtu, naye akapita. Vyumba vya kupanga nimeshasahau idadi yake. Nimekuwa mtu wa kufungua begi nusu tu. Mara nyingi, sehemu yenye ukuta mwembamba, nilijikuta nasikiliza upande wa pili.

Shangazi alipofariki nilirudi Tukuyu kwa mazishi, nikiwa nimevuka umri wa miaka arobaini. Duka lake lilikuwa limegeuka la simu. Fundi alikuwa bado yupo, hana meno ya mbele, na ndiye aliyeniambia Bwana Shamba amehamia Masoko, anaishi kwenye kipande cha migomba juu ya ziwa. "Ukimuuliza habari ya dawa ya mimea anakwambia hajui," alisema. "Yule bwana. Hajui."

Siku ya tatu ya msiba nikapanda pikipiki mpaka Masoko.

Nilimkuta amekaa nje, koti lingine lakini la rangi ile ile. Alinitambua kwa sauti. "Ugonile," alinisalimia, nami nikaitikia na kumpa shikamoo juu yake. Alinipa pole ya shangazi. Alipika chai mwenyewe, hakukubali nisaidie. Tulizungumza juu ya parachichi, ambazo sasa kila mtu anapanda, na juu ya mvua. Jirani alipita akamwonyesha tawi la mmea wake lenye majani yaliyojikunja, akamuuliza apulize nini. "Mimi sijui hayo, kaulize dukani," Bwana Shamba alisema, na jirani akaenda zake bila kushangaa, kama mtu aliyeuliza kwa adabu tu.

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa mzunguko, ila ilitoka mara moja: kwamba dukani tulichanganya dawa na mafuta ya taa, nusu kwa nusu, na kwamba kichupa chake kilikuwa cha hivyo.

Aliweka kikombe chini.

"Nusu kwa nusu kweli, au ulikuwa unakadiria?"

"Nilikuwa nakadiria."

"Dawa ilifika wapi kwenye kichupa? Hapa?" Aliweka kidole katikati ya kikombe.

"Hapo, au chini kidogo."

"Vichupa vyote?"

"Vyote. Zile za lita zilizouzwa na lakiri yake ndizo hatukuzigusa."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Kisha uso wake ukafunguka, sijawahi kuuona vile, hata zamani. "Basi kile kifuniko hakikuwa na kipimo kamili," alisema. "Kilikuwa na dawa pungufu, na kile cha kizibo kilikuwa na pungufu zaidi. Vyote viwili. Ndiyo maana vyote viwili vilitaga kulishinda jani la maji. Ilikuwa sawa. Unaona? Hesabu ilikuwa sawa." Aligonga goti lake mara mbili, taratibu. Alitazama kule migomba ilikoishia, kama kuna watu pale wa kuelezwa. Akaanza kutaja majina ya wakuu wa kaya, mmoja mmoja, akitaja na nani amekufa, na alipofika kwa Mama Mwenyekiti akaishia hapo, kwa sababu naye alikuwa amekufa.

Kisha akanigeukia.

"Mpuguso siku ile, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

Aliitikia kwa kichwa. Chai ilikuwa bado inatoa moshi.

Kwetu mgeni hasindikizwi mlangoni tu. Anasindikizwa mpaka barabarani, na mazungumzo yakiwa matamu mnapitiliza. Nilisimama nikasema naenda, pikipiki inanisubiri.

"Haya," alisema.

Nikasubiri kidogo nikidhani anatafuta viatu. Alikuwa amevivaa.

Nikashuka ile njia ya migomba peke yangu mpaka barabarani.